Paa la kitalu nyumba linavyoamua ubora wa nyanya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MNUNUZI anayezunguka kwenye meza za nyanya katika Soko Kuu la mjini Moshi, Mbuyuni au Kiboriloni huamua kwa macho. Huitazama rangi, huibonyeza nyanya kidogo kwa kidole gumba, kisha huchagua fungu au sado lenye nyanya nyekundu zaidi. Zile zenye mabega ya manjano karibu na kikonyo huachwa mezani au hupunguzwa bei, hata kama ni kubwa na hazina doa.

Asichokijua mnunuzi huyo ni kwamba rangi anayoilipia huenda iliamuliwa muda mrefu kabla ya nyanya kufika sokoni, siku mkulima aliponunua nailoni ya kuezekea kitalu nyumba chake. Nailoni hiyo ndiyo inayoamua ni mwanga kiasi gani utaufikia mmea, ni joto kiasi gani litabaki ndani, na ni sehemu gani ya mionzi ya jua itakayozuiwa isipite. Mambo hayo matatu, kila moja kwa namna yake, hubadili virutubisho vilivyomo ndani ya nyanya.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Moshi na vitongoji vyake. Katika eneo ambalo mtu akitoka tambarare za Mabogini na Kahe hufika Kibosho, Machame au Marangu kwa mwendo mfupi wa gari, hali ya hewa hubadilika kiasi kwamba paa linalomfaa mkulima wa juu laweza kumharibia mazao mkulima wa chini. Hata hivyo, nailoni inayouzwa madukani mara nyingi ni ile ile, na anayeinunua huuliza bei na unene wake tu.

Kilichomo ndani ya nyanya

Kabla ya kuzungumzia paa, ni vyema kufahamu kinachotafutwa ndani ya tunda lenyewe. Nyanya mbichi iliyoiva ni maji kwa takriban asilimia 94. Gramu 100 za nyanya, yaani tunda moja la wastani, huwa na kalori zipatazo 18 tu, lakini huwa pia na miligramu 14 hivi za vitamini C na madini ya potasiamu yapatayo miligramu 240.

Wekundu wa nyanya hutokana na kemikali iitwayo likopeni, ambayo katika gramu 100 hufikia takriban miligramu 2.5. Pamoja nayo ipo beta-karotini, yenye rangi ya chungwa, ambayo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Likopeni haigeuki kuwa vitamini A, ingawa watu wengi huamini kuwa kila kilicho chekundu kina vitamini hiyo. Umuhimu wake ni kwamba ni miongoni mwa kemikali za mimea zinazosaidia kulinda seli dhidi ya uharibifu.

Kundi la tatu ni la kemikali zinazojulikana kama flavonoidi. Hizi hukaa karibu zote kwenye ganda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Glasgow, nchini Uingereza, ulionyesha kuwa asilimia 98 ya kundi moja la flavonoidi zilizopatikana katika nyanya zilikuwa kwenye ganda. Ndiyo maana nyanya ndogo ndogo, ambazo zina ganda kubwa zikilinganishwa na nyama yake, huwa na flavonoidi nyingi zaidi kwa uzito ule ule.

Ikumbukwe kuwa hakuna hata moja kati ya kemikali hizi iliyo dawa. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipitia ushahidi uliokuwapo kuhusu madai kwamba likopeni huzuia saratani, ikaona kuwa hakuna ushahidi wa kuaminika unaoyaunga mkono. Thamani ya nyanya ni ya chakula cha kila siku, na kwa kuwa huliwa karibu katika kila mchuzi, hata tofauti ndogo katika ubora wake hujirudia mara nyingi kwa mwaka.

Kwa nini paa liwekwe

Nyanya za mkoa wa Kilimanjaro kwa miaka mingi zimelimwa mashambani bila paa, kwa maji ya mvua na ya mifereji inayoteremka kutoka mlimani. Mbegu kama Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997 baada ya kazi iliyofanyika Tengeru, Arusha, zilikusudiwa kilimo hicho cha wazi.

Shida kubwa ya kilimo hicho ni magonjwa na wadudu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, majani hubaki na unyevu siku nzima na ugonjwa wa baka jani chelewa waweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Wakati wa kiangazi huja inzi weupe, wanaoeneza virusi vya ugonjwa wa kujikunja kwa majani ambao wakulima huuita rasta. Juu ya hayo, mwaka 2014 aliingia nchini nondo mharibifu aitwaye kitaalamu Tuta absoluta, ambaye wakulima walimbandika jina la kantangaze. Jibu la wakulima wengi limekuwa kupiga dawa mara kwa mara.

Kitalu nyumba huja kama njia ya kuondokana na hali hiyo. Paa la nailoni huzuia mvua isiloweshe majani, na neti za pembeni huzuia wadudu wasiingie. Aidha, kwa familia za vihamba ambako ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi ikabaki vipande vidogo, kitalu nyumba chenye ukubwa wa mita nane kwa 15 huonekana kuwa njia ya kupata mavuno mengi katika eneo dogo. Serikali nayo, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, iliendesha mafunzo ya teknolojia hiyo kwa vijana mikoani mwishoni mwa miaka ya 2010.

Kwa hiyo paa lina kazi yake halali. Lakini linapoizuia mvua, halikosi kugusa pia mwanga na joto, na hapo ndipo habari ya virutubisho inapoanza.

Joto ndilo adui wa wekundu

Likopeni hutengenezwa wakati tunda linapoiva, na kazi hiyo ina mipaka ya joto. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 na Yves Dumas na wenzake wa Avignon, Ufaransa, yalieleza kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 12 za Selsiasi utengenezaji wa likopeni hudumaa sana, na likipanda kupita nyuzi 32 husimama. Katikati ya mipaka hiyo, hasa kati ya nyuzi 20 na 25, nyanya huwa nyekundu vizuri.

Beta-karotini haina mpaka huo mkali. Huendelea kutengenezwa hata katika joto ambalo likopeni imekwisha simama. Matokeo yake ni nyanya yenye rangi ya chungwa au yenye mabega ya manjano: tunda limeiva, laini, lakini rangi nyekundu haikukamilika. Mkulima hudhani mbegu ni mbaya au mbolea imepungua, kumbe kilichotokea ni joto la mchana.

Joto halizuii likopeni pekee. Mwaka 2008 Hélène Gautier na wenzake, pia wa Avignon, walitoa matokeo ya majaribio yao yaliyoonyesha kuwa kupandisha joto la matunda kutoka nyuzi 27 hadi 32 kulipunguza likopeni pamoja na vitamini C, ingawa baadhi ya kemikali za kundi la flavonoidi ziliongezeka.

Sasa tulete hesabu hiyo Moshi. Mji huu uko kati ya mita 800 na 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Januari hadi Machi joto la mchana hufika kwa kawaida nyuzi 32 au 33. Hiyo ni hewa ya nje, kivulini. Ndani ya kitalu nyumba cha nailoni kisicho na madirisha ya kutosha, joto la mchana laweza kuzidi la nje kwa nyuzi tano hadi 10. Tena, tunda linalopigwa na jua moja kwa moja huwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka. Nyanya iliyo katika hali hiyo Mabogini au Kahe mwezi Februari hupitisha saa nyingi za mchana juu ya mpaka wa nyuzi 32.

Kwa upande mwingine, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mtu anapopanda mita 100. Kijiji kilicho katika mita 1,500 kwenye mteremko wa mlima kitakuwa na ubaridi wa karibu nyuzi nne kuliko mjini. Mwezi Julai, wakati mji wa Moshi una nyuzi 26 mchana na 15 usiku, kijiji hicho kitakuwa na nyuzi 22 mchana na 11 usiku. Huko nailoni inayoongeza nyuzi chache mchana huipeleka nyanya katika eneo zuri la wekundu. Kwa maneno mengine, nailoni ile ile iliyopunguza wekundu huko chini wakati wa kiangazi ndiyo itakayouongeza huko juu wakati wa baridi.

Mwanga na vitamini C

Vitamini C hufuata mwanga. Mmea hutengeneza sukari kwa msaada wa mwanga, na vitamini C hutokana na sukari. Tunda lililopata mwanga mwingi, bila kuunguzwa, huwa na vitamini C nyingi kuliko lililokulia kivulini, hata kama yote mawili yametoka kwenye mche mmoja. Katika majaribio yale yale ya Avignon, mwanga zaidi uliongeza vitamini C na flavonoidi kwa pamoja.

Hakuna paa linalopitisha mwanga wote. Kioo safi hupitisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoonekana, nailoni mpya iliyo bora hupitisha kati ya asilimia 85 na 90, na plastiki ngumu yenye kuta mbili hupitisha asilimia 80 hivi. Nchini Uholanzi, ambako mwanga ni haba wakati wa baridi, wakulima wana kanuni yao isemayo kwamba asilimia moja ya mwanga ikipotea, asilimia moja ya mavuno nayo hupotea.

Kanuni hiyo haiwezi kuhamishwa hapa kama ilivyo, kwa kuwa Moshi iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta na jua lake ni kali. Hata hivyo, yapo mazingira mawili ambamo mwanga huadimika Kilimanjaro. La kwanza ni mawingu ya Juni hadi Agosti, ambayo hufunika miteremko ya kusini ya mlima, yaani Machame, Kibosho, Uru na Old Moshi, wakati mwingine kwa siku nyingi mfululizo. La pili ni vumbi. Katika tambarare, kiangazi hufunika nailoni kwa tabaka la vumbi jekundu, na nailoni isiyooshwa huendelea kupoteza mwanga mwezi hadi mwezi, achilia mbali ile iliyozeeka na kuwa ya manjano.

Mkulima ambaye kwa kuona joto limezidi hutandika neti nyeusi ya kivuli juu ya nailoni hupata nafuu ya joto, lakini hulipa kwa mwanga. Neti ya kivuli cha asilimia 50 huondoa nusu ya mwanga. Ikisahauliwa juu ya paa hadi msimu wa mawingu, nyanya hupoteza kitu ambacho haikupaswa kupoteza.

'Nailoni ya UV' ina maana gani?

Jambo linalowachanganya wanunuzi wengi ni herufi UV zilizochapwa kwenye marobota ya nailoni. Herufi hizo husimama badala ya mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huunguza ngozi na kupausha nguo. Wapo wanaodhani kwamba nailoni ya namna hiyo huipatia mimea mionzi hiyo. Wengine hudhani huikinga mimea isiungue.

Maana halisi mara nyingi ni nyingine. Nailoni ya kawaida ikianikwa juani bila kinga huoza na kupasuka katika muda usiozidi mwaka mmoja au miwili. Ili kuizuia isioze, watengenezaji huichanganya na kemikali zinazoilinda dhidi ya urujuanimno, na hapo huweza kudumu miaka mitatu au minne. Kinga hiyo basi ni ya nailoni yenyewe. Lakini baadhi ya kemikali hizo hufanya kazi kwa kuinyonya mionzi, na kwa hiyo mionzi hiyo haiufikii mmea.

Je, mmea unaihitaji? Ili kuishi, hapana. Lakini flavonoidi za kwenye ganda ni aina ya kinga ambayo mmea hujitengenezea dhidi ya mionzi hiyo hiyo. Mionzi ikiondolewa, mmea hauna sababu ya kuzitengeneza kwa wingi. Katika majaribio ya Beltsville, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2006, watafiti walikuza nyanya za aina mbili chini ya plastiki mbili zinazofanana kwa mengine yote, moja ikipitisha urujuanimno na nyingine ikiuzuia. Nyanya zilizoipata mionzi hiyo zilikuwa na jumla ya kemikali za fenoli, ambazo flavonoidi ni sehemu yake, zaidi kwa takriban asilimia 20.

Kwa likopeni na vitamini C, jibu si jepesi hivyo. Watafiti wa Pisa, Italia, mwaka 2005 walionyesha kuwa kuondoa sehemu ya urujuanimno kuliongeza karotenoidi katika baadhi ya aina za nyanya na kuzipunguza katika nyingine. Mbegu ina sauti yake, na paa haliwezi kuibatilisha.

Suala hili lina uzito zaidi mlimani kuliko mahali pengi duniani, kwa sababu urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mwinuko unapoongezeka mita 1,000, na jua la karibu na Ikweta lina mionzi hiyo kwa wingi mwaka mzima. Nyanya iliyolimwa wazi kwenye mteremko wa Kilimanjaro hupata kiwango ambacho nyanya ya Ulaya haikijui kamwe. Ikifunikwa na kioo au nailoni inayonyonya mionzi hiyo, hupoteza zaidi kwa sababu ilikuwa na kingi cha kupoteza.

Lakini kuna upande wa pili

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kuwa mkulima atafute nailoni inayopitisha urujuanimno. Mambo si mepesi hivyo, kwa sababu inzi weupe huona kwa kutumia mionzi hiyo. Watafiti wa Israel, katika miaka ya 1990, waligundua kwamba chini ya plastiki inayozuia urujuanimno wadudu hao huingia na kuruka kwa uchache, na ugonjwa wa kujikunja kwa majani hupungua sana.

Mkulima wa Mabogini au Kahe, ambako joto huwafanya inzi weupe kuzaana haraka, akiiacha nailoni hiyo kwa ajili ya flavonoidi za ganda anaweza kujikuta anapiga dawa mara nyingi zaidi. Mlaji naye atakuwa amepata kemikali chache za kumlinda, pamoja na hatari ya mabaki ya viuatilifu kwenye ganda lile lile. Huo si ununuzi wa busara.

Huko juu, penye ubaridi na inzi weupe wachache, mizani hubadilika. Adui mkubwa huko ni baka jani chelewa, ambaye hudhibitiwa na ukavu wa majani, na ukavu huo huletwa na nailoni yoyote isiyovuja. Hapo nailoni inayopitisha urujuanimno, ikipatikana, humpa mkulima ganda bora bila kumwongezea sana mzigo wa wadudu.

Lipi la chini, lipi la juu

Kutokana na maelezo hayo, inawezekana kupanga ushauri kwa kufuata mwinuko, na kila hatua ikawa na sababu yake.

Kwa tambarare za chini ya mji wa Moshi, jambo la kwanza ni kutoa joto nje. Paa liwe refu, liwe na uwazi wa juu kwenye mgongo ambamo hewa moto itatokea, na kuta ziwe za neti badala ya nailoni. Neti yenye matundu madogo sana huzuia inzi weupe, lakini huzuia upepo pia. Kwa hiyo kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo eneo la neti linavyopaswa kuwa kubwa. Nailoni inayofaa hapa ni ile ya maziwa, yaani inayotawanya mwanga. Hiyo hupitisha mwanga mwingi lakini huusambaza, kiasi kwamba tunda la juu halichomwi na la chini halikosi. Wengine hupaka chokaa nyepesi juu ya paa wakati wa jua kali, na mvua zinapoanza huoshwa. Njia hiyo ni ya gharama nafuu, mradi chokaa isiachwe hadi msimu wa mawingu.

Zipo pia nailoni za kisasa zinazozuia mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo hubeba karibu nusu ya nguvu yote ya jua, huku zikiacha mwanga upite. Kwa hoja ya kitaalamu hizo ndizo zingefaa zaidi tambarare, lakini bei yake iko juu ya uwezo wa wakulima wadogo wengi.

Kwa ukanda wa migomba na kahawa, kuanzia mita 1,000 hadi 1,800 hivi, jambo la kwanza ni mwanga. Nailoni iwe angavu, ioshwe kila inapochafuka, na kitalu nyumba kisijengwe chini ya kivuli cha miti ya kihamba. Kuta ziweze kushushwa jioni ili kuhifadhi joto la usiku, na kufunguliwa asubuhi ili unyevu utoke. Neti ya kivuli haina kazi huko katika miezi ya Juni hadi Agosti.

Kwa pande zote mbili, yapo mambo ambayo paa haliyaamui. Mbegu huweka kiwango cha juu ambacho nyanya inaweza kufikia. Maji mengi kupita kiasi hulifanya tunda kuwa kubwa lakini lenye ladha na virutubisho vilivyozimuliwa. Na kupunguza majani kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima ili tunda liive haraka, huyaacha matunda wazi kwa jua la mchana, yakaungua mabega.

Mnunuzi naye ana sehemu yake

Mlaji wa mjini hawezi kuliona paa, lakini anaweza kuisoma nyanya. Mabega ya manjano yaliyo magumu wakati sehemu nyingine imeiva ni dalili ya joto kali shambani au kitaluni. Nyanya hiyo ina likopeni pungufu, lakini beta-karotini yake haikupotea. Si nyanya mbovu, na kwa bei nafuu yafaa kwa mchuzi.

Kingine kilicho mikononi mwa mlaji ni namna ya kuhifadhi. Nyanya iliyochumwa ikiwa imeanza kuiva huendelea kutengeneza likopeni hata nyumbani, na mipaka ya joto ni ile ile. Ikiachwa kwenye mfuko uliofungwa juani au jikoni karibu na mkaa, wekundu husimama. Ikiwekwa kwenye jokofu kabla ya kuiva, chini ya nyuzi 12, husimama vile vile. Mahali bora ni kivulini, penye hewa, bila kurundikwa.

Kuhusu kupika, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa nyanya zilizopashwa moto wa nyuzi 88 kwa nusu saa zilipoteza asilimia 29 ya vitamini C, ilhali likopeni iliyoweza kupatikana kutoka kwenye nyanya hizo iliongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu moto huvunja kuta za seli zinazoishikilia. Likopeni huyeyuka katika mafuta, hivyo mafuta kidogo kwenye sufuria husaidia mwili kuipokea. Kwa hiyo mchuzi na kachumbari havishindani. Mchuzi hutoa likopeni. Kachumbari hutoa vitamini C, ambayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani zinazoliwa pamoja nayo.

Na anayemenya nyanya kwa sababu ya kuogopa mabaki ya dawa hutupa pia karibu flavonoidi zote. Kuziosha vizuri kwa maji safi yanayotiririka hupunguza sehemu ya mabaki yaliyo juu ya ganda, ingawa hakuondoi yale yaliyopenya ndani. Kinga ya kweli ya mabaki hayo huanzia shambani, pale mkulima anapofuata siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna.

Hapo ndipo paa linaporudi kuwa suala la wote wawili. Kitalu nyumba kilichoezekwa kwa kuzingatia mahali kilipo humpunguzia mkulima dawa na hasara ya nyanya zinazokataliwa kwa rangi, na humpa mlaji tunda jekundu lenye vitamini yake. Kilichoezekwa kwa kuangalia bei ya robota pekee chaweza kutoa nyanya nyingi, kubwa na safi kwa macho, ambazo hata hivyo zimepungukiwa na kile ambacho mnunuzi wa Mbuyuni alidhani anakilipia. Mkulima anayekwenda dukani kununua nailoni kwa ajili ya msimu ujao ana maswali matatu ya kuuliza mbali na bei: inapitisha mwanga kiasi gani, inautawanya au hapana, na inazuia urujuanimno au inaupitisha. Muuzaji asiyeweza kuyajibu atazamwe kwa tahadhari, kwa sababu nailoni ikishapigwa misumari hudumu miaka mitatu au minne, na kila mche utakaopandwa chini yake kwa muda huo utaishi kwa majibu hayo.